Tano Tupu

Alikuja Januari, Duluth ikisaga meno.
Mgeni siku mbili; ya tatu nilimpa sepetu,
tukafukua gari lililozikwa na theluji, kimya,
pumzi zetu tu ndizo zikisalimiana.
Mama yake dirishani.

Shule zilikuwa mbili.
Moja ng'ambo ya barabara, matofali mekundu,
kengele yake huniamsha mchana
ninapolala baada ya zamu ya usiku.
Nilisoma pale. Nilifeli hesabu pale, mara mbili,
na jina langu, Orrin Tveit, nadhani bado limechongwa
kwa kisu chini ya kiti fulani cha maktaba.
Nyingine iko juu mlimani, basi dakika arobaini,
ila ina mwalimu mmoja, Bi Pahoua Vang,
aliyefika nchi hii akiwa mtoto asiye na neno
na sasa hufundisha wasio na neno.

Mohira akasema: hapo karibu, nimwone akivuka.
Mimi nikasema: juu, asikike akivuka.
Tukabishana jikoni kwa lugha mbili,
Kiingereza chake kibovu, Kiuzbeki changu kibovu zaidi,
hadi chai ikapoa, ikaota utando.
Mtoto alikuwa mlangoni kwa soksi
akitusikiliza kama mtu anayesikia
bei yake mwenyewe ikitajwa mnadani.

"Wewe unataka ipi?"
Aliinua bega moja. Akafikiri.
"Ile ya mwalimu aliyekuwa bubu."

Basi, ofisini, na bahasha yetu:
cheti cha kuzaliwa, tafsiri yake na mihuri yake,
kadi ya chanjo, bili ya gesi
ya kuthibitisha kwamba kweli tunaishi tunapoishi.
Bi Haugen alivaa miwani, akafungua ripoti ya Kokandi.
Hesabu, tano. Fizikia, tano.
Jiografia, tano. Tano, tano, tano tupu.
Uso wake ukalegea.
"Tano kwa mia," akaninong'oneza.
"Ana miaka kumi na minne, najua, lakini
labda tumrudishe darasa la sita?"
Nami, Mungu anisamehe, niliamini.
Hata nilifurahi kidogo, moyoni huko,
kwamba nimepata mrithi wa kufeli kwangu.

Jasur akaomba penseli kwa mkono.
Akaandika: 1, 2, 3, 4, 5.
Akaizungushia tano duara.
Mbele yake hakuandika kitu,
akagonga kwa kidole pale penye weupe,
akatutazama mmoja mmoja:
hapa, jamani, hakuna tena.

Bi Haugen akacheka hadi miwani ikaanguka.
Darasa la nane. Muhuri.

Kisha fomu: *Uhusiano na mwanafunzi.*
Kalamu ikasita.
Kambo ni neno linalokaa sebuleni
bila kuvua viatu.
Nikaandika *baba*. Nikaacha nafasi.
Nikamalizia *wa kambo*, kwa herufi ndogo,
kama mtu anayepita nyuma ya wanaosali.

"Namba ya dharura?"
Nikapapasa mifuko. Simu nimeisahau garini,
na nani siku hizi huijua namba yake?
Sauti ikatoka kando yangu, kwa Kiingereza,
tarakimu moja, ikapumzika, moja tena,
kama anayevuka mto kwa kukanyaga mawe,
zote kumi.
Ilikuwa yangu. Si ya mama yake.
Sikumwuliza aliikariri lini.
Sijamwuliza hadi leo.

Jumatatu, saa kumi alfajiri, nimewasha tingatinga.
Ratiba ya manispaa inataka nianzie bandarini,
kwenye maghala, kwa wenye mizigo.
Nimeshusha koleo la chuma, nikapinda kushoto,
nikaanza na ule mlima.
Msimamizi atanisema.
Na aniseme.